Waliomkimbilia Bibi Maendeleo

Serikali ilimleta kwetu awafundishe wanawake kushona, kupika uji wa lishe, na kusoma. Kushona hakujua. Mshono wake ulikwenda upogo, ukipanda na kushuka, na wanawake waliokuwa wamefundishwa sindano na masista wa misheni ya Ushirombo waliinamisha vichwa wasionekane wakicheka. Uji aliufundisha vizuri, mtama na karanga na maziwa, kila kitu na kipimo chake, ila mwenyewe aliishi kwa chai ya rangi na michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, alivyovitia mfukoni mwa gauni na kuvitafuna vikavu akiwa juu ya baiskeli. Sisi tulimwita Bibi Maendeleo. Jina lake la ubatizo wengi hawakulijua kamwe.

Kazi iliyomla haikuwa katika hizo tatu. Wanawake waliopigwa na waume zao walikimbilia kwake. Sijui nani alikuwa wa kwanza, wala nani aliwaambia waje. Mimi nilipoletwa kufundisha shule ya msingi nilikuta ndivyo mambo yalivyo. Nyumba niliyopewa ilipakana na yake, ua wa minyaa tu ukitutenganisha, na tangu wiki ile ya kwanza nikawa namwona mwanamke huyu au yule ameketi kwenye kigoda nje ya jiko lake, kanga imefunika uso, bakuli la uji mkononi.

"Mwanamke aliyepigwa usimuulize alifanya nini," aliniambia. "Muulize amekula nini."

Na kweli hakuwauliza. Alikoroga uji, akautia maziwa kama yapo, akasubiri. Wengine walikaa hadi jua likashuka bila kusema neno, wakainuka, wakaosha bakuli, wakarudi walikotoka. Alisema hao nao wamesaidiwa. Mimi sikuona wamesaidiwa nini, na sijaona mpaka leo, lakini yeye alilisema kwa uhakika, nami nilikuwa mgeni.

Hakuwa mtu wa kubembeleza. Siku moja mama mmoja mtu mzima alimwangukia kifuani akilia, "Mayo wane, mayo wane," kama Wasukuma wanavyomlilia mama, naye Bibi Maendeleo akasimama wima kama nguzo ya ua, mikono inaning'inia, hajui aiweke wapi. Mwisho akasema, "Basi. Uji unapoa." Nilimwona mkavu. 

Damu aliiogopa. Hili lilinishangaza kuliko yote. Mtu aliyeletewa midomo iliyopasuka na vichwa vilivyochanika mwaka hadi mwaka hakuweza kutazama damu. Alikuwa akiniita juu ya ua, "Mwalimu! Njoo unioshee," nami naruka na maji ya moto na chumvi, naosha, yeye ameshika karai huku ameugeuzia uso ukuta. Na huko ukutani alikokuwa akitazama hakunyamaza. Alizungumza juu ya pamba, kwamba mwaka huu imechanua vizuri upande wa Bukombe, kwamba mvua zikichelewa wadudu watazidi, hadi nimalize. Wanawake walimsikiliza. Nafikiri habari za pamba ziliwapa mahali pa kuweka mawazo wakati chumvi inawachoma.

Vitambaa vya kufungia vidonda tulivipata kwa mke wa mwenye duka. Lilikuwa duka la familia ya Kihindi pale njia panda, wanauza kanga, mafuta ya taa na majembe, na yule mke hakuwahi kukaa mbele dukani. Alikaa nyuma. Bibi Maendeleo alisimamisha baiskeli chini ya dirisha la jikoni, na kupitia nondo za dirisha akapewa mashuka makuukuu yaliyofuliwa na kukunjwa. Hawakuzungumza sana, Kiswahili cha yule mama kilikuwa kichache. Siku moja tulikwenda pamoja, dirisha likafunguliwa kidogo, mashuka yakatoka, na nyuma ya mashuka nikaona shavu limevimba, jicho limezama. Bibi Maendeleo alipokea mashuka. Kisha akatoa michembe yote mfukoni akaipitisha kati ya nondo. Yule mama akaipokea kwa mikono miwili, dirisha likafungwa. Tulisukuma baiskeli njia nzima. Tulipofika nyumbani alisema, "Nilidhani wenye nyumba za mabati wanapumzika."

Kuhusu waume, alikuwa na tabia iliyonikera. Aliwaheshimu kupita kiasi. Kama mwanamke alikuwa amelala kwake, asubuhi alijifunga kanga mbili, akapanda baiskeli kwenda kwa mwanamume, na akifika uani alipiga magoti kama mkwe. "Shikamoo, baba." Niliwahi kumwona akipiga magoti mbele ya mtu aliyemng'oa mkewe meno, kijana aliyeweza kuwa mdogo wake wa mwisho. Tuliporudi nilimkabili.

"Dada, unampigia magoti mtu kama yule?"

"Naupigia magoti mlango wake, Mwalimu. Nikisimama ataufunga."

Vilevile hakuruhusu mtu atukane mume wa mtu mbele ya mkewe. Ukianza kusema yule mnyama, yule mlevi, alikukata kauli. "Huyu atarudi kwake leo au kesho. Na matusi yako atayabeba kichwani, yatamwagika kule." Mimi nilitaka awaambie waondoke, waachike, waende kwao. Yeye alijua kwao ni wapi. Kwao ni kwa baba ambaye ng'ombe za mahari ziliingia boma lake mchana na zikatoka asubuhi iliyofuata kwenda kumwolea kaka yake mke. Hakuna ng'ombe wa kurudisha. Kwa hiyo hakuna binti wa kupokea.

Katika miaka ile ya mwanzo, mara moja tu nilimwona amefurahi furaha ya wazi. Ni wakati redio ilipotangaza sheria mpya ya ndoa, na habari zikaja hadi kwetu kwamba sheria hiyo haimpi mtu yeyote ruhusa ya kumpiga mwenzi wake. Alikuja mbio uani kwangu, ameacha hata kiatu kimoja. "Umesikia, Mwalimu? Umesikia?" Akaomba nafasi katika mkutano wa hadhara, mwenyekiti akampa. Akasimama akaieleza sheria polepole, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kisukuma ili asibaki mtu wa kusema hakuelewa. Walimsikiliza hadi mwisho. Kisha mzee mmoja, mtu mwema kabisa, aliyekuwa akiniletea maziwa bila kudai kitu, akauliza, "Mayo, hiyo sheria itanipikia ugali?" Watu wakacheka. Walicheka wanaume, walicheka na wanawake. Na mimi niliyekuwa nimekaa upande wa wanawake niliona waliocheka kwa nguvu zaidi ni wale niliokuwa nimewaosha.

Hakukasirika. Alicheka pia, kidogo. Ila alikuwa na tumaini lingine, na hilo nalo nilieleze, kwa sababu ndilo lililomvunja.

Zamani familia ziliishi mbalimbali, kila boma na mashamba yake, na kutoka kwa jirani hadi kwa jirani ni mwendo. Mwanamke akipiga kelele, kelele iliishia katika mtama. Bibi Maendeleo aliamini shida ndiyo hiyo. Kwa hiyo ilipokuja amri ya watu wote kuhamia katika vijiji vya pamoja, wakati wengine wanalia kuacha makaburi ya wazazi wao na migomba yao, yeye alikuwa upande wa amri. Alitembea na wapima viwanja, akashika kamba, nyumba zikapangwa mistari, ukuta wa huyu kutazamana na ukuta wa yule.

"Sasa watasikiana," aliniambia. "Mtu hawezi kumuua mkewe watu wanasikia."

Miongoni mwa waliohamia mstari wa pili alikuwapo Kabula. Alikuwa mwanafunzi wake wa kisomo, bora kuliko wote, msichana mrefu mwenye kicheko cha kupasuka kilichowafanya hata ng'ombe wageuke. Alijifunza kusoma upesi kwa hasira, kama mtu anayepalilia shamba lenye magugu. Mumewe aliitwa Luhende. Nataka nimseme Luhende kwa haki: hakuwa mtu wa kutisha. Alikuwa mpole wa maneno, aliongoza vijana kuezeka shule yangu, na akikutana nami njiani alishuka kwenye baiskeli kunisalimia. Walikuwa na binti mmoja mdogo, Limi.

Luhende alikwenda machimbo ya Bugarama kutafuta dhahabu, kama vijana wengi. Walikaa huko miezi, wakishushana kwa kamba ndani ya mashimo waliyoyaita maduara, na wengi walirudi na kikohozi tu. Luhende alirudi mikono mitupu. Baada ya hapo ndipo tulipoanza kumwona Kabula nje ya jiko la Bibi Maendeleo, na mimi nikasema ni machimbo yamemharibu mume wake.

"Usiisingizie dhahabu," alisema Bibi Maendeleo. "Alikuwa akimpiga kabla hajaijua Bugarama. Ulikuwa hujui kwa sababu Kabula alikuwa bado anacheka."

Siku aliyovunjwa mkono alikuja mchana, watoto wakiwa shuleni, ameushika mkono kwa mkono mwingine kama mtu aliyebeba kitoto. Mfupa ulikuwa umesukuma ngozi. Siku hizo, na nadhani hata baadaye, mtu aliyeumizwa na mtu hakutibiwa hospitalini bila kwanza kuwa na karatasi ya polisi. Bibi Maendeleo akamfunga mkono kwa kanga, akampakia nyuma ya baiskeli, nami nikawafuata kwa miguu baada ya kuwaachia wanafunzi kazi.

Nilipofika kituoni walikuwa bado kwenye benchi.

"Nani kakuumiza?" askari alikuwa ameuliza.

"Mume wangu."

"Basi hayo ya nyumbani. Nendeni kwa balozi wenu."

Bibi Maendeleo hakubishana naye. Alikaa. Kila askari aliyeingia alimsalimia, kila aliyetoka alimsalimia, na Kabula pembeni yake anatoka jasho na meno yanagongana. Walipewa karatasi jua linazama, nadhani kwa kuchoka kutazamwa. Hospitalini mkono ukafungwa, lakini ulikuwa umekaa muda mrefu mno na ukapona umepinda.

Balozi wa nyumba zao kumi akaitisha kikao. Tuliketi uani kwake, wazee kwenye viti, sisi kwenye mikeka.

"Kabula," balozi akaanza kwa upole, "ulimkosea nini mumeo?"

"Ugali ulichelewa."

Wazee wakatikisa vichwa, wakionekana kumhurumia hata yeye. Luhende akakiri amezidisha. Neno lilikuwa hilo: amezidisha. Akatozwa mbuzi. Mbuzi akachinjwa palepale, wazee wakamla kumaliza ugomvi, na aliyempika ni Kabula, mkono mmoja kwenye bandeji, mwingine unakoroga mchuzi. Bibi Maendeleo akaletewa sahani kwa heshima. Aliipokea, akaishikilia magotini, nyama ikaganda mafuta. Alipoona hakuna anayetazama akampa Limi.

Baada ya hapo Kabula alipigwa tena, na tena, na mimi niliacha kushangaa. Sipendi kusema hivyo lakini mtu huzoea. Bibi Maendeleo hakuzoea, akafanya kitu ambacho hakuwahi kumfanyia mwingine kabla yake: alimtorosha. Alikuwa na dada yake Chato, kando ya ziwa, mwanamke mjane mwenye nyumba yake. Akazungumza na dereva wa lori la pamba, na Kabula akapanda juu ya marobota kama mtu anayekwenda sokoni. Limi alikuwa kwa mama mkwe siku hiyo. Haikuwezekana kumchukua bila watu kujua, na kwa mila ya kwetu mtoto ni wa waliotoa ng'ombe.

Kwa muda tuliishi kwa habari za dereva. Kabula anauza dagaa. Kabula ametuma salamu za sikukuu. Siku moja dereva akapiga honi nje ya shule, akanichekea dirishani: "Mwambie Bibi, yule mtu wake anasema amenenepa!" Nilikwenda kumwambia. Alikuwa anakoroga uji. Aliweka mwiko chini, akacheka peke yake muda mrefu, na tangu nilipomjua hadi hapo sikuwa nimemwona akicheka hadi kufuta macho.

Kisha baba yake Kabula akaja.

Alikuja na Limi mabegani. Mzee alikuwa mwembamba, amevaa kaptula ya khaki iliyofifia, na alipomteremsha mtoto nikaona mtoto naye amekwisha, tumbo kubwa, nywele zimegeuka nyekundu kama za wale watoto tuliowachora kwenye somo la lishe. Mzee hakukaa kwenye kigoda. Alikaa mavumbini.

"Mama," alimwambia Bibi Maendeleo, "wanataka ng'ombe zao. Ng'ombe zile ndizo mke wa mwanangu. Ana watoto watatu sasa. Nimrudishe nani, mama? Nimrudishe yule, watoto wakae na nani?"

Akamsogeza mtoto mbele.

"Luhende ameapa mbele ya katekista. Hatamgusa. Na huyu mtoto, mtazame. Bibi yake hana maziwa, hana nguvu. Kila jioni anauliza njia aliyopita mama yake."

Na mzee akalia. Alilia kama watu wazima wanavyolia, bila sauti, kamasi zikimtiririka na yeye hazifuti.

Bibi Maendeleo akamchukua Limi, akamkalisha pajani, akamlisha uji kijiko kwa kijiko mpaka bakuli likaisha. Nilikuwa nimesimama kwenye ua. Niliona akiinua uso kumtazama yule mzee, nikajua atasema.

"Yuko Chato," alisema. "Kwa dada yangu."

Kabula alirudi na lori lilelile. Alikuwa amenenepa kweli, na ngozi imeng'aa. Hakumlaumu mtu. Alipita kutusalimia kabla ya kwenda kwake, ametuletea furushi la dagaa, na Bibi Maendeleo alipoanza kusema, "Mwanangu, mimi ndiye…" alimkatiza.

"Ningerudi tu, Bibi. Mtoto yuko huku."

Luhende alishika kiapo chake kwa msimu mmoja. Mvua za masika zilipokuja alikuwa amekiacha, na kabla hazijaisha tukaamshwa asubuhi na vilio kutoka mstari wa pili. Kabula amekufa. Ameteleza kisimani akiteka maji, walisema. Utelezi wa masika.

Bibi Maendeleo aliingia na wanawake waliokwenda kuosha maiti. Yeye aliyeogopa damu. Mimi nilikaa nje na waombolezaji wengine, Luhende yupo katikati ya wanaume, amejifunika shuka, analia, na sidhani alikuwa anaigiza. Alipotoka mlangoni, Bibi Maendeleo mikono yake ilikuwa bado ina maji. Alisimama mbele ya wote.

"Aliyeanguka kisimani hana alama za mpini wa jembe mgongoni," alisema.

Wanawake wawili wakamvuta kanga kwa nyuma. "Bibi, huu ni msiba. Nyamaza." Hakunyamaza, alilirudia kwa Kisukuma. Watu wakatazama chini. Kaka yake Kabula, yule aliyeoa kwa ng'ombe zile, aliinuka akaenda kusimama nyuma ya nyumba, na akabaki huko hadi maziko.

Polisi walikuja wakamchukua Luhende. Walihitaji mtu aliyesikia au kuona. Bibi Maendeleo akaanza kupita nyumba kwa nyumba katika ule mstari aliosaidia kuupima kwa kamba, nami nikafuatana naye. Jirani wa kushoto alisema alikuwa amesafiri. Jirani wa kulia, mama niliyewahi kumwosha jicho, hakuturuhusu kukaa.

"Mvua ilikuwa kubwa, Bibi. Mabati yalikuwa yanapiga kelele."

Bibi Maendeleo aliinua macho. "Nyumba yako ni ya nyasi, mwanangu."

Yule mama naye akatazama juu, kama mgeni anayeliona paa hilo kwa mara ya kwanza. Kisha akasema, "Basi nilikuwa nimelala," akaingia ndani.

Nyumba zilizofuata zilikuwa hivyohivyo. Balozi alisema yeye husikia yanayoletwa kwake. Tulipomaliza mstari wote Bibi Maendeleo alikaa juu ya jiwe la kuogea la mtu, mbele ya nyumba ya mwisho.

"Walisikia wote," alisema. "Kule kwenye mashamba angalau nilikuwa naweza kusema hawakusikia."

Luhende alirudi kabla ya mavuno, hakuna ushahidi. Akaoa tena. Limi akabaki kwa bibi yake, baadaye akaja darasani kwangu.

Wanawake waliendelea kukimbilia kwa Bibi Maendeleo, naye aliendelea kuwapa uji. Ila asubuhi hakujifunga tena kanga mbili. Hakwenda kwa waume, hakwenda kituoni, hakwenda kwa balozi. Wakati mwingine alinikabidhi mtu aliyevimba uso na kuingia chumbani kwake kulala, mchana. Hata habari za pamba ziliisha, tukaosha kimya. Nilimuuliza kama anaumwa. "Siumwi," alisema. "Nilimpa mzee anwani." Kila nilipojaribu kumwambia kwamba Kabula mwenyewe alisema angerudi, alinitazama kama ninavyowatazama watoto wanaobahatisha jibu.

Wanaume walikuwa wamemshtaki kwa wakubwa wake, kwamba anavunja nyumba za watu. Uhamisho wake ulipokuja hakuuliza sababu. Siku ya kuondoka nilimsaidia kufunga baiskeli juu ya lori. Wanawake walipita wakienda mashambani, jembe begani, mmoja mmoja na wawili wawili, "Mwangaluka, Bibi," "Mwangaluka," salamu ya asubuhi tu, wakaendelea. Hakuna aliyesimama. Waume zao walikuwa wameketi kwenye baraza la duka, na kutoka pale barazani njia yote inaonekana.

Nilimwona tena mara moja tu, miaka ile sabuni na sukari vilipokuwa havipatikani. Nilikuwa nimepelekwa Chato kwa semina ya walimu, nikauliza, nikaelekezwa. Alikuwa amestaafu, anaishi kwa dada yake yule mjane. Amekonda, nywele zote nyeupe, lakini sauti ni ileile nzito. Nilimwamkia, akaitikia, akaniketisha nje, akaweka sato kwenye sufuria. Aliniuliza habari za shule. Aliniuliza habari za mvua.

"Na Limi?"

"Ameolewa. Bugarama, kwa mchimbaji."

"Anaishi vizuri?"

"Anaishi," nilisema.

Hakuuliza zaidi. Tulikuwa tunamenya viazi ndipo sauti ikatoka nyumba ya pili, mwanamume kwanza, kisha kishindo, kisha mwanamke. Jua bado lilikuwa juu, watoto wanacheza njiani, na watoto wale hawakusimamisha mchezo. Mimi niliinuka.

"Kaa, Mwalimu."

"Dada…"

"Kaa. Ukienda, yule mama ndiye atakayeilipia safari yako."

Nikakaa. Aliendelea kumenya, ganda jembamba, bila kukatika. Kule kukanyamaza. Mlango ukafungwa kwa nguvu, mwanamume akapita njiani akielekea ziwani, akatusalimia vizuri, nasi tukaitikia.

Muda kidogo baadaye mwanamke kijana akaingia uani na kikombe mkononi. Mdomo wa chini ulikuwa umepasuka. Alipiga goti kidogo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mama. Hujambo?"

"Sijambo. Naomba chumvi."

Bibi Maendeleo akainuka, akaingia ndani, akatoka na mkebe. Akamjazia kikombe. Yule mwanamke hakuondoka. Alisimama, ameshika kikombe kwa mikono miwili, anakitazama kana kwamba anasubiri chumvi itulie. Nilimtazama Bibi Maendeleo, nikijua kigoda kipo, na moto upo. Alikuwa amegeuza uso, anatazama ukuta wa jiko.

"Ahsante, Bibi," alisema yule mwanamke mwishoni, akaenda.

Sufuria ilianza kuchemka, wala hakuna aliyeifunua.

"Alitaka kukaa," nilisema.

"Najua."

"Ungemwambia akae."

"Akae, halafu?" Alinigeukia. Macho yalikuwa makavu kabisa. "Halafu nimpeleke wapi, Mwalimu? Hapa ndipo nilipompeleka Kabula."